Boksi Linalobweka: Fizikia Niliyoikariri na Besi ya Gari la Kaka

Mwaka jana nikiwa field kwenye shule moja ya kata, nilikuwa nafundisha mawimbi ya sauti. Kipindi kilikuwa kinakwenda vizuri. Ubao umejaa, andalio la somo liko mezani, mwalimu mlezi amekaa nyuma na kalamu yake. Kijana mmoja wa dawati la mwisho akanyoosha mkono: "Madamu, kwa nini spika ukiitoa kwenye boksi lake besi inapotea, wakati spika ni ileile?"

Nikamjibu, "Swali zuri, ila haliko kwenye mada yetu ya leo." Darasa likaendelea, na mwalimu mlezi akanipa alama nzuri.

Kusema kweli, swali lile lilikuwa ndani kabisa ya mada. Nililikwepa kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nina miaka 22, nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, sheria ya Boyle naweza kuitaja hata ukiniamsha usiku wa manane, na bado kijana wa sekondari aliniweka kona kwa sentensi moja. Makala hii ni jibu ninalomdai yule kijana. Nimelipata kwa kuchafua mikono, siyo kwa kupiga msuli maktaba, na naamini litamfaa yeyote kati yenu ambaye yeye mwenyewe, mshikaji wake au mjomba wake ana boksi la besi kwenye buti.

Ilivyoanza

Kaka yangu anaendesha taksi, IST ya siku nyingi. Gari hilo ndilo linalonilipia kodi ya chumba, maana wote tunajua boom likitoka linavyoyeyuka. Kaka anapenda muziki, akanunua spika ya besi ya inchi 10 iliyotumika, ikiwa tayari kwenye boksi. Tangu siku ya kwanza haikumfurahisha. Kila wimbo, uwe taarabu, uwe Bongo Fleva, ulikuwa unatoa besi ya noti moja: bum, bum, bum. Haiimbi, inabweka.

Fundi aliyemfungia alisema tatizo ni amplifaya ndogo, iwekwe kubwa. Gharama pamoja na kufunga, shilingi 280,000. Kaka akanipigia: "Mdogo wangu, mwezi huu kwenye kodi tuvumiliane kidogo." Nikamwomba anipe wiki mbili kabla hajatoa hela. Akacheka, "Haya, si ndiyo unayosomea?" Hapo ndipo nikaogopa, maana ni kweli ndiyo ninayosomea.

Nilipokwenda kumuuliza fundi maswali mawili matatu, aliniambia kwa upole tu, "Dada, besi ni wati." Hakukosea sana, ila hakumaliza. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio linalisikia lakini halishtuki. Kubwa zaidi, amplifaya haijui kuchagua. Boksi likiwa linabweka, amplifaya kubwa italifanya libweke kwa nguvu zaidi.

Kwa nini spika inahitaji boksi

Hili ndilo jibu la yule kijana. Koni ya spika inapokwenda mbele, inasukuma hewa ya mbele na papo hapo inaipunguzia mgandamizo hewa ya nyuma. Ikirudi, mambo yanageuka. Kwa hiyo spika moja inatoa mawimbi mawili yaliyo kinyume, moja mbele na jingine nyuma.

Sauti nyembamba hazisumbuliwi sana na hili kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Besi ni habari nyingine. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Gawanya kwa hezi 40, masafa ya besi ya kawaida, unapata wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu namna hiyo linazunguka ukingo wa spika bila shida, la nyuma linakutana na la mbele, na yanafutana. Koni inacheza, hewa inarudi ilikotoka, sikio halipati kitu. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha mawimbi hayo mawili. Ndiyo maana spika ukiitoa nje, besi inapotea.

Kutokana na hilo, somo la kwanza la vitendo ni kwamba boksi linalovuja linafanya kazi nusu.

Hewa ni springi

Kazi ya pili ya boksi nilikuwa siijui kabisa. Boksi likiwa limezibwa, hewa iliyomo ndani haina pa kwenda. Koni ikirudi nyuma inaibana, nayo inasukuma. Koni ikienda mbele hewa inatanuka, mgandamizo wake unashuka, na koni inavutwa kurudi. Hiyo ni springi kama ile ya Hooke tuliyoning'iniza mawe maabara. Boksi dogo ni springi ngumu, boksi kubwa ni springi laini.

Kila kitu chenye uzito na springi kina masafa yake ya kupenda kutetema. Springi ikiwa ngumu, masafa hayo yanapanda. Boksi likiwa dogo kupita kiasi, spika inakuwa na noti moja inayoipenda, na kila wimbo ukipita hapo inashangilia. Kubweka kwenyewe ndiko huko.

Uzuri ni kwamba haya yanahesabika. Nyuma ya sumaku ya spika kuna namba ya modeli. Ukiitafuta utapata karatasi ya vipimo, na vitatu kati ya hivyo ndivyo unavyovihitaji. Fs ni masafa ambayo spika inapenda kutetema ikiwa nje ya boksi. Vas ni kiasi cha hewa ambacho ugumu wake unalingana na ugumu wa springi ya spika yenyewe. Qts inaeleza jinsi spika inavyojizuia isiendelee kutetema. Ikiwa kubwa, kujizuia ni kudogo.

Ya kaka ilikuwa hivi: Fs hezi 30, Vas lita 45, Qts 0.6. Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu hilo lizidishe kwa Fs kupata masafa ya spika ikiwa ndani ya boksi, kisha lizidishe kwa Qts kupata Q mpya. Q ikiwa karibu na 0.7, sauti inatoka tambarare. Ikizidi 1, kunaota nundu, na nundu hiyo ndiyo noti inayobweka.

Pima ndani, siyo nje

Hapa niliteleza. Nilipima boksi la kaka kwa nje: sm 32 kwa 30 kwa 26. Nikapata lita 25 kasoro kidogo, nikaona mbona si baya. Usiku nikiwa geto ndipo nikakumbuka kwamba mbao nazo zina unene. MDF ya mm 18 inakula sm 3.6 kwenye kila kipimo, yaani pande mbili. Ndani kumbe ni sm 28.4 kwa 26.4 kwa 22.4, karibu lita 16.8. Toa nafasi inayokaliwa na spika yenyewe, kama lita 2, zinabaki 15.

Sasa hesabu: 45 gawanya kwa 15 ni 3, ongeza 1 ni 4, kipeuo chake ni 2. Masafa yamepanda kutoka hezi 30 hadi 60, na Q imepanda kutoka 0.6 hadi 1.2. Nilikaa nikaitazama ile 1.2 kwenye kaunta buku. Kitu ambacho kaka alikuwa anakiita kubweka kilikuwa kimeandikwa pale kwa namba. Sijawahi kuona sheria ya fizikia ikinisogelea namna ile.

Buti la IST lingeweza kubeba boksi la sm 44 kwa 38 kwa 31 na bado begi la abiria likaingia. Ndani inakuwa karibu lita 38, ukitoa spika ni 36. Hesabu tena: 45 gawanya kwa 36 ni 1.25, ongeza 1 ni 2.25, kipeuo ni 1.5. Masafa hezi 45, Q 0.9. Haijafika 0.7, lakini taksi ni ya kazi kwanza, muziki baadaye.

Kujenga: ziba, kaza, jaza

Seremala mmoja jirani na chuo alinikatia vipande vya MDF kutoka kwenye masalio. Kama unakata mwenyewe, kata nje na ufunge pua, vumbi la MDF si la kuvuta. Mambo matatu niliyazingatia.

La kwanza ni kuziba. Kila kiungo nilipaka gundi ya mbao kwa urefu wote, nikakaza skrubu, halafu nikapitisha silikoni ndani ya kona zote. Niliiacha silikoni ikauke kabisa kabla ya kuweka spika. Kati ya spika na ubao niliweka utepe wa sponji. Kupima uvujaji si kazi. Piga mlio wa hezi 30 kutoka kwenye simu kwa sauti ndogo, kisha pitisha udi unaofuka taratibu kwenye viungo vyote, na mahali waya unapotokea. Moshi ukiyumba, hapo panavuja. Kwenye boksi la zamani moshi uliyumba kwenye tundu la waya na kwenye kona mbili.

La pili ni kukaza. Gonga boksi kwa kidole. Likilia kama ngoma, ukuta wake unacheza na kutoa sauti yake mwenyewe juu ya muziki. Dawa yake ni kipande cha mbao ndani, kimegundishwa kutoka ukuta mmoja hadi ukuta wa pili, bila kuigusa sumaku. Usikiweke katikati kabisa. Ukikisogeza kidogo upande, ukuta unagawanyika vipande visivyolingana na kila kipande kinakuwa na masafa yake, hivyo havishirikiani kulia. Kipande chenyewe kinakula theluthi moja ya lita tu.

La tatu ni kujaza pamba ya mito, ile ya nailoni. Fizikia yake ndiyo iliyonifungua macho kuliko zote. Sheria ya Boyle, ya mwaka 1662, inadai joto la hewa lisibadilike. Lakini hewa ndani ya boksi inabanwa na kuachiwa mara 40 kwa sekunde. Ikibanwa haraka namna hiyo inapata joto, na joto hilo linaongeza mgandamizo, springi inakuwa ngumu kuliko Boyle anavyosema. Ukiweka pamba, nyuzi zake zinalipokea joto hewa inapobanwa na kulirudisha inapotanuka. Springi inalainika, na boksi linajifanya kubwa kuliko lilivyo. Kinadharia mwisho wake ni mara 1.4, kwa vitendo unapata chini ya hapo. Iweke ikiwa imechambuliwa, isishindiliwe kama godoro, na isiguse koni. Miaka yote nimekariri maneno "ikiwa joto halibadiliki" na kuyaruka kama abiria anavyoruka dimbwi. Kumbe ndimo somo lilimokuwa.

Vipi kuhusu boksi lenye tundu?

Wengi wenu mmeona maboksi yenye bomba. Hilo linafanya kazi kama chupa ya soda ukiipuliza mdomoni. Hewa ya shingoni ndiyo uzito, hewa ya tumboni ndiyo springi. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza rezonansi hii katika karne ya 19. Bomba linasaidiana na koni karibu na masafa yake, na besi inapanda bila kuongeza wati.

Lakini bomba halibahatishwi. Boksi la lita 50 lenye bomba la PVC la sm 10 kwa upana linahitaji urefu wa takriban sm 31 ili liimbe hezi 35. Ukilifupisha, masafa yanapanda. Halafu chini ya masafa hayo hewa inatoka bure kupitia tundu, springi inapotea, na koni inaweza kurukaruka hadi ijiumize. Kwa hiyo usitoboe tundu kwenye boksi lililozibwa kwa sababu tu umeona la jirani lina tundu. Na pamba usiijaze karibu na mdomo wa bomba. Mimi nilibaki na boksi lililozibwa, kwa kuwa kosa dogo la kipimo linasamehewa.

Kabla hujagusa mbao

Haya yanayofuata ni ya bure, na kama ningekuwa na akili ningeanza nayo. Niliyafanya mwisho.

Geuza waya. Kama chanya na hasi za spika ya besi zimepishana na zile za spika za mbele, mawimbi yatafutana pale kwenye kiti cha dereva. Zima mfumo, badilisha waya kwenye spika ya besi tu, sikiliza. Upande wenye besi nzito zaidi ndio sahihi.

Tazama vitufe vya amplifaya. Kile cha kuongeza besi kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, yaani tulikuwa tunalisha nundu juu ya nundu. Nikakirudisha sifuri. Kichujio nikakiweka hezi 80, ili spika ya besi isijaribu kuimba sauti za watu. Kitufe cha kiwango cha kuingiza sauti si cha kuongeza sauti, ni cha kulinganisha redio na amplifaya. Kipandishe taratibu hadi usikie mkwaruzo, kisha rudi nyuma.

Winda vitu vinavyolia. Kibati cha namba cha nyuma, spana kwenye buti, plastiki za mlango. Niliweka vipande vya sponji nyuma ya kibati, na robo ya kelele ikaisha hapo hapo.

Hakikisha kuna fyuzi kwenye waya mkubwa, karibu na betri. Waya ukichunika bila fyuzi, gari linaweza kuwaka moto.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilichagua nyimbo tatu, nikawa napiga hizohizo kwa sauti ileile, naandika. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hata ukifanikiwa hujui umefanikiwa kwa lipi, na hutaweza kumfundisha mtu.

Kaka aliposikia

Gharama zote hazikufika shilingi 50,000. Jumapili jioni kaka akaja, akakaa kiti chake, akawasha. Dakika nzima hakusema kitu. Halafu: "Mbona imepungua?"

Nilijisikia kama nimepata sapu. Lakini nilijua kwa nini anasema hivyo. Ile nundu ya hezi 60 aliyokuwa ameizoea ilikuwa imeshuka. Nikamwomba apige wimbo wowote wenye gitaa la besi analolijua. Akaweka wa taarabu aliokuwa anausikiliza marehemu mama akifua. Gitaa likaanza kutembea, likapanda, likashuka, kila noti na mahali pake. Kaka akainama kidogo kwenye usukani. "Kumbe huwa inapita hapa," akasema. Akaurudia mara mbili. Zile 280,000 hazikutoka, na kodi yangu ya mwezi ule ililipwa tarehe yake.

Neno moja kwa wanaopenda sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri usikilizaji usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, saa 40 hizo zinakuwa 4. Boksi zuri linakuwezesha kuisikia besi bila kuikuza, na kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Kinachobaki

Kwa wenzangu wa ualimu hasa. Tunafundishwa kuandaa malengo, zana, na hatua za somo. Ni sawa. Ila mwanafunzi anayeuliza kitu alichokiona mtaani hajatoka nje ya mada. Ametuletea mada ikiwa hai. Jibu "haliko kwenye mada yetu" ni uongo mdogo ambao mwalimu anauzoea haraka, na nilishtuka jinsi ulivyonitoka kirahisi. Siku ile ningeweza kusema, "Sijui, nipe hadi Ijumaa," nisingepungukiwa kitu.

Mwezi ujao napita njia ya shule ile nikienda nyumbani. Nimeshamwandikia mwalimu mlezi kuomba dakika 20 na darasa lile. Nitabeba spika ndogo ya redio mbovu, boksi la kiatu, na chupa ya soda. Nitaanza kwa kumtafuta kijana wa dawati la mwisho na kumwambia kwamba swali lake lilikuwa ndani ya mada, na mimi ndiye niliyekuwa nje.